Kalamu Nane za Wodi ya Wanaume

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Metroni ametuita wote kwenye chumba cha mikutano, kile chenye feni isiyozunguka, akatutangazia kwamba hospitali inaachana na chupa na mabomba ya sindano kwa wagonjwa wa sukari. Tunaingia kwenye kalamu za insulini. Kila mgonjwa na kalamu yake. Unaizungusha kitako hadi namba inayotakiwa, unachoma, unabonyeza, basi. Tutaanza na wodi moja kwa majaribio. Muuguzi atakayesimamia vizuri ndiye atakuwa Mratibu wa Kalamu wa hospitali nzima.

Mratibu! Nimelirudia neno hilo koridoni mara nyingi hadi mhudumu wa usafi akaniuliza kama naumwa.

Niko wodi ya wanaume mwaka wa kumi na moja sasa. Mchango wangu unajulikana. Mimi ndiye niliyepanga vitanda kwa kufuata urefu wa wagonjwa. Mimi ndiye niliyefunga kamba moja ya kengele ipite vitanda vyote, ili mgonjwa asihangaike kuita nesi. Kamba iliondolewa baada ya siku mbili kwa sababu akiita mmoja wanaamka kumi na sita, lakini wazo lilikuwa zuri. Wenzangu wananiita Bwana Mipango. Wanalitamka jina hilo wakitabasamu, nami nalipokea kama heshima.

Mpinzani ninaye mmoja tu, sista msimamizi wa wodi ya wanawake. Ndani ya daftari hili namwita Sista Polepole. Kila kitu anakisoma mara mbili. Akipewa kikombe cha chai anageuza kikombe kwanza aone chini kimeandikwa nini.

Jambo la pili, na hili ni zito. Baba mkwe amelazwa kwangu tangu Jumamosi, kitanda namba moja, karibu na mlango. Amekuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini. Tangu mama mkwe atutoke anaishi peke yake katika chumba cha nyuma ya duka lake. Sukari ilimpanda, akaanguka juu ya cherehani, akakaa hapo mpaka mteja alipokuja asubuhi kuchukua suruali. Mke wangu hataki kusikia tena habari ya chumba kile. Anataka baba yake akitoka hospitali aje akae kwetu. Mzee hataki. Jana mke wangu alimbembeleza mpaka akalia, mzee akamjibu kwamba nyumba anaipenda, wajukuu anawapenda, tatizo lake ni mwenye nyumba.

Yaani mimi. Bado hajanisamehe ile mota niliyomfungia kwenye cherehani ili ashone haraka. Na ilishona haraka. Ilishona gauni la bi harusi pamoja na kitambaa cha meza.

Leo mke wangu ameniambia kwa sauti ndogo kwamba baba yake atakuwa akinitazama kazini kila siku, kwamba nafasi ni hii, na kwamba nisiiharibu. Nimemwambia alale usingizi. Mkwe akishakuwa Mratibu wa Kalamu, mzee gani atakataa kuishi naye?

Jumanne, 4 Machi

Mafunzo. Mfamasia amekuja na kalamu ya mfano na mto mdogo wa kuchoma. Ni kijana mwenye miwani na sauti ya kuomba radhi, lakini siku hizi wadogo ndio wanaotufundisha.

Yale niliyoyashika: kalamu moja, mgonjwa mmoja. Hata ukibadilisha sindano, usimchome mtu mwingine kwa kalamu hiyo, kwa sababu unapochoma, damu kidogo inaweza kurudi ndani ya kalamu bila kuonekana kwa macho. Toa uniti mbili hewani kwanza, uone tone. Baada ya kubonyeza, hesabu mpaka kumi kabla ya kuchomoa. Usinyonye insulini kutoka kwenye kalamu kwa bomba. Sindano iliyotumika inaingia kwenye kisanduku chake papo hapo.

Kulikuwa na jambo jingine kuhusu lebo. Hapo nilikuwa naandika hotuba yangu ya kushukuru kuteuliwa, na nilikuwa nimefika kwenye sehemu ya kumtaja Metroni. Mtu hawezi kufanya yote kwa wakati mmoja.

Sista Polepole ameuliza maswali kumi na manne. Nimeyahesabu. Aliuliza hata kalamu ikianguka sakafuni inakuwaje. Mfamasia alionekana kufurahi, jambo ambalo sikulielewa.

Jumatano, 5 Machi

Nilifika mapema. Fundi seremala wa hospitali amenitengenezea kibao chenye matundu manane, kila tundu la kusimamishia kalamu moja. Kimepigwa vanishi. Nikakiweka juu ya meza ya Metroni kabla hajaingia, na chaki nane zikiwa zimesimama ndani yake ili apate picha. Nikajificha nyuma ya mlango wa stoo kuona uso wake. Alikitazama kwa muda, akachukua chaki moja, akaandika kwenye ubao wake, akairudisha.

Saa nne ametangaza. Wodi ya wanaume! Amesema ni kwa sababu tuna wagonjwa wanane wa insulini na wodi ya wanawake ina watatu. Hiyo ndiyo sababu ya mdomoni. Sababu ya moyoni ni kibao.

Kisha akaongeza kwamba Sista Polepole atakuwa mkaguzi, apite kila siku na karatasi yake. Nilitabasamu kwa meno yote. Penye miti hapakosi mwiba.

Mke wangu alipika vizuri leo bila kuombwa.

Alhamisi, 6 Machi

Kalamu zimefika! Nane, mpya, rangi ya kijivu, zinafanana kama mapacha. Mfamasia alizileta pamoja na lebo za majina. Alikuwa na haraka ya kwenda wodi ya watoto, nikamwambia aniachie lebo nitazibandika mwenyewe.

Sasa hapa ndipo mtu mwenye jicho anapotofautiana na mtu wa kawaida. Ukiibandika lebo kwenye mwili wa kalamu, inakaa imepinda na unaigusa kila saa. Lakini kifuniko! Kifuniko ni kipana, ni laini, kinatazama juu kalamu ikisimama kwenye kibao. Nikabandika zote kwenye vifuniko. Juu yake nikaongeza namba ya kitanda kwa wino wa rangi, kila kitanda rangi yake, halafu gundi ya plastiki ili maji yasiingie. Wodi nzima ilikuja kutazama. Mgonjwa wa kitanda cha tano aliomba yake iandikwe kwa rangi ya zambarau.

Baba mkwe yeye hakuomba rangi. Aliomba kuishika kalamu yake, akaipindua, akaikagua kama kitambaa kinacholetwa na mteja mjanja. Nikamwacha nayo nikaenda kumfunga kidonda mtu wa kitanda cha tatu. Niliporudi akanirudishia.

Nilipomchoma mchana, nikahesabu mpaka kumi. Akaniambia nahesabu kama mtu anayefukuzwa na mbwa, nirudie. Nikarudia huku sindano ikiwa bado tumboni mwake. Nilipofika sita akasema hapo sasa ndipo nilipoanza kuhesabu. Mtu wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa.

Saa tisa Sista Polepole amepita. Akatazama kibao, akanisifu kwa mwandiko. Kisha akavua kifuniko kimoja, akavua na cha pili, akavishika viwili mkono mmoja, akaniuliza sasa kipi ni cha ipi. Nikamwambia ni rahisi, cha kushoto ni cha kushoto. Akasema mfamasia alielekeza lebo iwekwe kwenye mwili wa kalamu. Nikamweleza kuhusu kidirisha cha kuonyesha insulini, kwamba lebo itakiziba. Akanionyesha kwa kucha yake nafasi iliyobaki pembeni mwa kidirisha. Ilikuwa ya kutosha. Akaniomba nizihamishe leo leo.

Nikasema ndiyo, Sista. Kuna ndiyo nyingi duniani. Niliitoa ile nyepesi.

Ijumaa, 7 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi Metroni alituma ujumbe kwamba kesho atakuja na Mganga Mkuu kuona kalamu. Nikasema lebo zitahamishwa baada ya ugeni, maana mtu haondoi mapambo siku moja kabla ya harusi. Lakini usafi hauna kesho. Vifuniko vilikuwa vimeanza kushika alama za vidole.

Saa nane mchana wagonjwa walikuwa wamekula, wamechomwa, wamesinzia. Nikavua vifuniko vyote vinane, nikavitia kwenye beseni la maji ya sabuni. Kalamu nikazitoa kwenye kibao nikazilaza juu ya trei, ili kibao nacho nikifute. Nikasugua. Nikasuuza. Nikavianika vifuniko kwenye taulo karibu na dirisha. Vilimeremeta. Majina yote yanasomeka, rangi zote ziko pale pale, gundi haikuachia hata pembe moja. Kila kifuniko kilimjua mwenyewe.

Kalamu ndizo hazikuwa na jina.

Nilizitazama zile nane za kijivu juu ya trei kwa muda mrefu. Halafu nikajiambia, wewe ni mtu wa mipango, panga. Kitanda cha nne anatumia uniti nyingi, kwa hiyo yake imepungua kuliko zote. Nikaipata. Kitanda cha saba anatumia kidogo. Nikaipata, nadhani. Zilizobaki sita zilikuwa zimepungua karibu sawa. Nikajaribu kukumbuka nilizilaza kwa mpango gani. Nilizilaza ovyo. Nikavika vifuniko kwa kukisia, nikazisimamisha kwenye kibao, na zikapendeza kama jana.

Kisha nikawaza maneno haya, nami nayaandika kama yalivyokuja, kwa kuwa daftari hili halina msomaji zaidi yangu. Nikawaza: insulini ni ile ile. Sindano itakuwa mpya kwa kila mtu. Wala hakuna aliyeniona.

Saa kumi na mbili kasoro, kabla ya chakula cha jioni, nikashika trei. Nikaanza na kitanda namba moja, kama kawaida. Nikaweka sindano mpya, nikatoa uniti mbili hewani, tone likatoka, nikazungusha hadi kumi. Baba mkwe alikuwa ameshapandisha shati. Akaomba aishike kalamu kwanza.

Nikampa. Alipitisha kidole gumba chini ya kitako cha kalamu, mara moja, mara mbili. Akashusha shati.

“Hii si yangu, mkwe.”

Nikamwonyesha kifuniko. Jina lake, namba moja, rangi nyekundu. Akasema kifuniko ndiyo, kifuniko ni chake. Kisha akasema kwamba jana nilipomwachia kalamu, aliizungushia uzi mmoja wa kijivu chini ya kitako na kuufunga fundo. Uzi na sindano vipo mfukoni mwake siku zote, hata wodini. Hakutaka kuniambia kwa sababu aliona ninavyoyafurahia yale marangi.

Akanieleza kwa utulivu, kama anavyomweleza mwanafunzi wake wa ushonaji. Dukani kwake, alisema, alama ya mteja inapigwa kwenye nguo yenyewe, kwa uzi, upande wa ndani. Haiwekwi kwenye mfuko wa kuibebea. Mwaka wake wa kwanza wa ufundi aliandika majina kwenye mifuko. Mifuko ikachanganyika, na marehemu mmoja akazikwa na suti ya mtu aliyekuwa hai.

Nikapapasa trei. Uzi niliupata kwenye kalamu yenye kifuniko cha kitanda cha sita. Nikacheka kidogo, nikasema basi tumeipata, hakuna lililoharibika, nimchome.

Hakupandisha shati. Akauliza, “Na za wenzangu?”

Nikasema nimezipanga kwa hesabu. Akaniuliza kama kati ya hizo saba zilizobaki kuna moja ambayo ningeichukua sasa hivi nikamchome nayo binti yake.

Niliwatazama wa kitanda cha pili hadi cha kumi na sita. Mtu wa kitanda cha tano alikuwa ameshafungua kifungo cha shati, ananisubiri na tabasamu lake, anataka ile ya zambarau. Nikaogopa, ndiyo neno lenyewe. Niliogopa kwa sababu dakika moja nyuma sikuwa naogopa kabisa.

Nikaiweka trei chini, nikaifunika kwa taulo, nikawaambia wahudumu chakula kisigawiwe kwa wale wanane. Nikampigia simu Sista Polepole.

Alikuja mbio. Sijawahi kumwona akikimbia. Nilidhani magoti yake hayana huo uwezo. Nikamwambia yote, mpaka ile ya kukisia kwa kidirisha. Hakusema lolote kuhusu jana. Aliuliza kitu kimoja, kama kuna yeyote ameshachomwa tangu saa nane. Nikasema hakuna. Akauliza tena kwa maneno mengine. Nikasema hakuna. Akavuta pumzi. Tukarudi kwenye chupa na mabomba, yeye anasoma jina na uniti, mimi nasoma tena, ndipo tunachoma. Wote wanane walipata dawa na chakula, wamechelewa dakika ishirini na tano.

Kalamu zote nane zimetupwa. Hata ile ya uzi. Baba mkwe alisema lile fundo lilikuwa zuri.

Jumamosi, 8 Machi

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikuwa na maelezo matatu tayari: sabuni, mwanga wa dirishani, na ufinyu wa muda. La sabuni lilikuwa na nguvu kuliko mengine.

Sikuyatumia. Nilipoingia ofisini, taarifa ya Sista Polepole ilikuwa mbele ya Metroni, kurasa mbili, mwandiko wa kunyooka. Metroni aliisoma kwa sauti. Ilieleza lebo zilikuwa wapi, vifuniko vilioshwa lini, mzee wa kitanda namba moja aligundua vipi. Nilikuwa nangoja mahali atakaponimaliza. Alipofika mwisho, ilisema kwamba muuguzi wa zamu alisimamisha kazi mwenyewe kabla ya yeyote kuchomwa, akaita msaada na kueleza bila kuficha. Iliongeza kwamba mkaguzi naye aliacha jambo hilo lisubiri, ilhali alipaswa kusimama pale hadi lebo zihame.

Alijiandika na yeye! Nilimtazama. Alikuwa anasoma maandishi kwenye chupa ya maji ya Metroni.

Nilitaka kumshukuru. Nikamwambia mwandiko wake si mbaya.

Uamuzi: kalamu zinaendelea, kuanzia Jumatatu. Hakuna kalamu itakayotoka famasi bila lebo kwenye mwili wake, na watu wawili watasoma jina kabla ya kuchoma. Mganga Mkuu ameuliza huyo fundi cherehani yuko wapi, akaenda kumpa mkono. Mratibu wa Kalamu ni Sista Polepole.

Nami nimepewa kazi. Kuanzia leo mchana nipite kila wodi, nisimame mbele ya wauguzi, nieleze nilivyofanya, hatua kwa hatua, nikiwa na vifuniko vyangu. Metroni amesema watu wanasahau kanuni lakini hawasahau kisa.

Nimelitafakari jambo hili wakati wa chakula. Mtu anayepita wodi zote na kuzungumza mbele za watu anaitwa nani? Msemaji. Nimejiandikia kikaratasi cha kifuani, Msemaji wa Kalamu. Sista Polepole alikiona, akaomba nikibandike kwenye mwili, nisikibandike kwenye kofia. Sikujua kwamba ana utani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemaliza wodi tano. Wanacheka sana kwenye beseni. Hawacheki nikifika kwa mtu wa kitanda cha tano aliyekuwa anafungua kifungo. Leo katika wodi ya wazazi, baada ya watu kutoka, dada mmoja alibaki. Akaniambia kwamba wao wana chupa za matone ya macho ya watoto na majina wameyaandika kwenye vifuniko. Alikuwa karibu kulia. Tukaenda tukazitoa pamoja. Sikumwambia neno la kujisifu, na nimeona niliandike hapa kwa sababu ni mara ya kwanza.

Saa kumi ilikuwa zamu ya baba mkwe kujifunza kujichoma, maana anaruhusiwa keshokutwa. Mfamasia ndiye aliyetakiwa kumfundisha. Mzee akasema anataka afundishwe na mimi.

Nilifurahi mpaka nikaangusha sindano. Akaniambia nichukue nyingine. Nikamwonyesha kuzungusha, akazungusha. Vidole vyake havitetemeki hata kidogo. Vimeshika sindano kuliko vyangu mara elfu. Jina lake lilikuwa kwenye mwili wa kalamu, na chini ya kitako, uzi mpya wa kijivu. Sista Polepole aliuona akauacha. Mzee akachoma mwenyewe, akabonyeza, tukahesabu pamoja kwa sauti. Nilipofika kumi alikuwa bado yupo nane, nikamsubiri.

Kisha akaniuliza nilichowaza ile Ijumaa kabla sijaiweka trei chini. Nikataka kusema niliwaza kanuni. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa nimeshaamua kuendelea. Akasema yeye mwaka ule wa suti alimwona yule marehemu akiwa amelazwa na suti isiyo yake, akajua, na hakusema. Alisimama kwenye mstari na wafiwa akatoa pole. Hajawahi kumwambia mtu.

Nilimshika mkono. Hakuutoa mara moja.

Jumatano, 12 Machi

Ametoka! Mke wangu alikuja kumchukua akiwa na begi, akijua kwamba watabishana njiani mpaka dukani. Mzee alivaa koti, akaaga vitanda vyote kimoja kimoja, akamwambia binti yake kwamba anakuja kwetu. Kukaa. Cherehani ifuatwe kesho.

Mke wangu alimkumbatia, kisha akanikumbatia na mimi hapo hapo koridoni, mbele ya watu. Akamwuliza baba yake ni nini kimembadilisha. Nilijinyoosha kidogo, nikarekebisha kikaratasi changu cha kifuani.

Mzee akasema amenitazama siku kumi na moja akiwa kitandani, hana kazi nyingine, na ameona mambo mawili. La kwanza, moyo wangu ni mzuri. La pili, mtu kama mimi hafai kuachwa nyumbani na watoto bila mtu mzima.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa kwenye benchi. Nami nikacheka, ingawa sentensi ya pili nadhani aliisema vibaya kwa uchovu.

Ijumaa, 14 Machi

Nyumba imejaa. Cherehani iko dirishani, bila mota. Watoto wanagombania kukaa na babu yao wakati wa kuhesabu mpaka kumi. Wanahesabu wote kwa pamoja, jirani amekuja kuuliza kama tumefungua shule.

Kalamu yake inakaa mahali pake, lebo mwilini, uzi kitakoni. Siigusi. Somo nimelielewa kabisa.

Lakini vidonge! Hakuna aliyezungumza kuhusu vidonge. Mzee ana vya presha, vya maumivu ya mguu, vya mafuta ya damu, na vingine viwili sijui vya nini, kila kimoja kwenye pakiti yake, pakiti zimetapakaa kwenye rafu ya jikoni mpaka sukari ya chai haionekani. Leo ni siku yangu ya mapumziko. Nimetafuta mtungi mzuri wa kioo wenye mfuniko. Nimevitoa vidonge vyote kwenye pakiti, nikavitia mtungini, pakiti nikazichoma moto. Na kwa kuwa nimejifunza, jina lake sikuliandika kwenye mfuniko. Nimeliandika kwenye mwili wa mtungi, kwa rangi nyekundu. Mtungi umesimama rafuni, unang'aa, na rafu sasa ina nafasi.

Saa tano baba mkwe ameingia jikoni kunywa dawa. Akaniita, kwa sauti ya chini, ya mtu ambaye ameshavuta kiti.

Tumekaa mezani mpaka adhuhuri. Amevimwaga vidonge juu ya gazeti, anavitenganisha kwa ncha ya sindano ya kushonea, vya duara huku, vya mviringo mrefu kule. Vyeupe vimekuwa vingi na havijulikani. Amesema hivyo vyote, na vile tunavyodhani tunavijua, nivirudishe kwa mfamasia leo hii, nimweleze mimi mwenyewe, na hataki kuona kimoja kimepungua. Nimemwomba asimwambie binti yake. Amesema hatasema, kwa kuwa binti yake amesimama mlangoni muda wote. Kisha akaniambia nisifanye haraka, nivitenganishe vizuri, yeye hana pa kwenda, yuko hapa moja kwa moja.

Nimefurahi sana kulisikia hilo. Na amenifungua macho. Nimekubali kosa langu. Mtungi mmoja ulikuwa mdogo, ingetakiwa miwili.